Difu Nzima Iliyohukumiwa kwa Kuzungushwa Tairi

Nilipeleka gari gerejini kubadilishiwa mpira wa shafti ya mbele uliokuwa umepasuka na kumwaga grisi, kazi ya nusu siku, nikarudi nyumbani na difu nyingine kabisa (kile kifaa kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili) na deni juu yake. Ilikuwa wakati wa mvua, miezi kadhaa iliyopita, na kila ninapoikumbuka siku ile damu hunichemka upya.

Gari lenyewe ni Honda Civic Type R, toleo la EP3, lililoagizwa kutoka Japani. Watu huliita la Kijapani ingawa liliundwa Swindon, Uingereza, likapelekwa Japani, ndipo likaja kwetu Dar es Salaam. Na kilichonifanya nilipende kuliko ndugu zake waliouzwa hukohuko Uingereza ni kwamba la Japani lilitoka kiwandani na difu ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, na wao hawakupewa. Anayeendesha gari linalovutwa na magurudumu ya mbele anaijua adha ya difu ya kawaida: ukiingia kona na kukanyaga mafuta, uzito hulalia upande wa nje, gurudumu la ndani linakuwa jepesi na kuanza kuzunguka bure, na kwa kuwa difu ile hugawa nguvu sawasawa, la nje nalo haliwezi kupata zaidi ya kile kidogo ambacho la ndani linaweza kushika. Pua ya gari inakwenda nje ya kona, nawe unabaki kukaza usukani bila faida. Langu halikuwa hivyo. Nilikuwa nikikanyaga mafuta katikati ya kona, na badala ya kwenda nje, pua inavutwa ndani taratibu, bila usukani kuninyang'anya mikono.

Sasa msikie msimamizi wa gereji. Gari lilikuwa limeinuliwa mbele, gia imeingizwa, akazungusha tairi la kushoto kwa mkono, la kulia likazunguka kinyume. Akaniita mbele ya wateja wengine: "Bosi, umepigwa. Hii siyo LSD, ni difu ya kawaida." Ili kunimaliza, akalishusha tairi moja chini, akaliacha jingine juu, akawasha injini na kuingiza gia. Tairi la juu likazunguka, gari halikusogea hata hatua. Wateja wakacheka. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaona aibu, nikakubali kufungiwa LSD ya klachi, ile inayobana kwa sahani, aliyokuwa nayo stoo.

Majaribio yote mawili hayakuwa na maana kwa difu ile, na hilo ndilo linaloniuma. LSD ambayo Honda iliiweka kiwandani ni ya gia zenye meno ya mshazari. Nguvu ya injini inapopita, gia hizo husukumwa kwenye ukuta wa nyumba ya difu, msuguano unazaliwa hapo, na gurudumu lililoshika barabara hupewa nguvu kuliko linaloteleza, kwa uwiano fulani. Unapozungusha tairi kwa mkono hakuna nguvu ya kuzisukuma gia hizo, kwa hiyo difu itajibu kama ya kawaida. Na tairi likiwa hewani halishiki kitu; uwiano wowote ukiuzidisha kwa sifuri unapata sifuri. Angekanyaga breki kidogo tu wakati tairi lile likizunguka, difu ingepata cha kuzidisha na gari lingejaribu kusogea. Ya klachi ni tofauti, kwa sababu sahani zake hubanwa na springi hata gari likiwa limesimama, hivyo jaribio la mkono linaifaa. Fundi alikuwa na kipimo cha difu moja, akakitumia kuihukumu nyingine.

Nilipoyafahamu haya nilirudi kudai difu yangu. Jibu alilonipa sikulitarajia hata kwa adui: "Bosi, ulilipia kufungiwa, hukulipia kutunziwa vyuma." Hakusimama kitini, hakuacha hata kuchezea simu. Nilimweleza habari ya meno ya mshazari kwa adabu zote, akamgeukia kijana wake na kumwambia, "Hawa wanaosoma ndio wanaotuharibia kazi." Kwa neno hilo peke yake nilitaka kuwashauri watu wote wasikanyage pale.

Lakini sitasema uongo. Kazi ya mikono ilikuwa safi: hakuna oili inayovuja, hakuna beringi inayolia, mpira wa shafti umekaa vizuri. Tena nilipopandisha milima ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwenye zile kona ambazo gurudumu la ndani karibu linanyanyuka, difu hii ya klachi iliendelea kuvuta pale ambapo ile ya zamani ingelegea. Nilitabasamu peke yangu ndani ya gari, nikaanza kumsamehe msimamizi yule.

Msamaha ule uliishia kwenye lami iliyolowa. Difu hii haibembelezi. Inabana ghafla, na kwa kuwa magurudumu yanayovuta ndiyo hayohayo yanayokata kona, kila kubana kunafika mikononi, usukani unakwenda kulia na kushoto kama mbuzi aliyefungwa kamba. Sahani zake zinalika, na unga wake wa chuma unaingia katika oili ileile inayolainisha gia boksi, kwa hiyo nabadilisha oili mara nyingi kuliko zamani. Na nikikata kona kali kwa mwendo wa pole, hulia go-go-go, hata jirani aliniuliza kama gari linavunjika. Siku hizi naliingiza uani kinyumenyume usiku, ili asubuhi nitoke moja kwa moja bila kukata usukani mbele ya dirisha lake.