Tiara ya shilingi 350: mshono sawa, uzi hapana

Mimi ni fundi wa nguo, na kitu chochote cha kitambaa nakianzia kwenye mshono. Tiara hii niliinunua mjini kwa muuza vichezeo wa kando ya barabara, shilingi 350 baada ya kuvutana naye kutoka 600, na mshono wake sina neno nao. Nailoni nyepesi, ukingo umekunjwa na kupigwa cherehani mara mbili, na pembeni vijiti vinapoingia wameongeza kiraka. Vijiti vyenyewe vinapinda bila kuvunjika. Brayo, mwenye miaka 6, ameikalia na bado inaruka.

Uzi ndio wizi. Waliouweka ni wa kushonea vifungo, unakata vidole na ulikatika siku ile ile. Nimeutoa wote nikaweka nailoni ya fundi viatu, ile nyembamba, maana nzito huilemea tiara. Mkia nao ulikuwa mfupi, tiara ikawa inazunguka tu. Niliwapa watoto mabaki ya bitana wakafunga wenyewe: ulipokuwa mrefu mno tiara haikupanda, wakapunguza kipande baada ya kipande hadi ukatulia.

Lakini utamu uko kwenye ile kamba fupi ya mbele, iliyofungwa juu na chini kwenye kijiti cha katikati, ambayo uzi mrefu unashikana nayo kwa fundo. Fundo hilo husogezwa. Ukilipandisha kuelekea kichwani, tiara inalala zaidi na upepo unaipiga kidogo, inafaa upepo ukiwa mkali. Ukilishusha inasimama, inakinga upepo mwingi, inafaa ukiwa hafifu. Ukizidisha, haipandi kabisa, inavuta tu na kuyumba. Shiru, dadake Brayo, ana miaka 9 na sikumweleza hata moja ya haya. Nilimwambia asogeze upana wa ukucha, arushe, aangalie. Sasa anaanza kwa kumwaga vumbi kidogo hewani ajue upepo unatoka wapi. Na akisogeza fundo, mkia haugusi, kwa sababu aliwahi kubadilisha vyote viwili kwa pamoja, tiara ikapanda, asijue ashukuru kipi.

Brayo somo lake ni jingine. Tiara ikianza kupiga mbizi, mkono wake unavuta. Kumbe kuvuta ndiko kunakoiongezea kasi ya kushuka. Ukilegeza uzi inajiweka sawa, ndipo unavuta tena. Dadake anapiga kelele, "Legeza, Brayo, legeza!" naye anazidi kukaza. Ameanza kuelewa, siku asizokuwa na hasira.

Mahali pa kurushia ndio shida ya Nairobi. Nyaya za stima ziko kila mahali, na tiara ikinasa huko iacheni, hakuna kuifuata kwa fito. Uhuru Gardens pana nafasi ya kukimbia, ila ndege za uwanja wa Wilson zinapita karibu, kwa hivyo tiara sipeleki. Ngong upepo upo wa kuzungusha mitambo ya umeme, lakini kwa mtoto anayeanza ni mwingi. Sisi tunatumia uwanja wa shule jirani, alasiri, na kwa idhini ya bawabu. Julai usijisumbue, ni baridi na mawingu tu. Januari na Februari ndio wakati wake.

Kuna watakaosema tiara ya kununua ni uvivu, kwamba sisi tulijitengenezea kwa juala na vijiti vya ufagio. Kweli, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tiara ya gazeti hulowa umande ikawa uji. Nimekubali kununua. Nilichokataa ni kuwarekebishia: fundo na mkia ni kazi yao, mimi nashughulikia uzi na chochote kitakachochanika.

Kwa mtoto wa miaka 5 kwenda juu, nunua, na utenge shilingi mia ya uzi mwingine. Muuzaji akikwambia uzi wake ni imara, mwambie akufungulie kidogo uuvute kwa mikono miwili. Ukikatika, mshushe hadi 250.