Miezi minane na elementi ya laki moja na sitini

Elementi yangu ya kwanza, kofia ngumu ya kuendeshea bodaboda, niliinunua Sh 25,000. Siku nilipong'oa kitambaa cha ndani nikafue, nikakuta sponji ya godoro. Ukibonyeza kidole unagusa plastiki.

Hii ya sasa, Sh 160,000, washkaji wa kijiweni walinicheka wiki nzima. Chini ya kitambaa kuna povu jeupe gumu, ndugu wa lile linalokuja na televisheni kwenye boksi. Karibu lote ni hewa, ndiyo maana ni jepesi. Ila hili lina tabaka mbili, moja laini kidogo, jingine gumu. Povu gumu tupu, ukianguka kidogo halibonyei, kishindo kinaishia kichwani. Laini tupu, ukipigwa kweli linakuwa limeshasagika lote na kichwa bado kina mwendo. Kwenye mkanda kuna lebo ya kanuni ya Ulaya, ECE 22.06: herufi E ndani ya duara, na namba inayoanza na 06. Kanuni hii inaigongesha elementi kwa mita 7.5 kwa sekunde kama kanuni ya zamani, kisha wakaongeza kipimo cha polepole cha 6 na cha kasi cha 8.2. Mimi nilitazama lebo kabla ya rangi.

Mwezi wa sita nikateleza kwenye mchanga, mwendo kama 40, kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Niliinuka mwenyewe, nikatafuta simu. Kwa nje ilikuwa michubuko tu, fundi akasema piga rangi uendelee. Nyumbani nikafungua kitambaa: juu ya sikio povu limebonyea, lina ufa. Aina hii hainyanyuki tena, imeshafanya kazi yake hapo. Muuzaji naye hana povu la kubadilisha, nunua nzima. Hilo limeniuma.

Saa saba mchana jasho linatiririka hadi machoni, matundu ya hewa ni urembo tu. Halafu kijitabu chake hakikusema kitu kuhusu petroli, wakati petroli inayeyusha povu hili, na nusu yetu tunaegesha elementi juu ya tangi wakati wa kujaza mafuta.

Nimenunua tena ileile. Abiria bado namvalisha ya sponji, na tangu siku ile nikimkabidhi simtazami usoni. Ya pili, ya abiria, naidunduliza.