Kalenda ya Google kama ratiba ya shule: inapofaa na inapokwama

Ubao ulio nje ya ofisi ya taaluma unaonyesha mahafali ya kidato cha nne ni Jumamosi tarehe 19 Septemba. Barua aliyobeba mwanafunzi inasema tarehe 26. Kwenye WhatsApp zinazunguka picha mbili za mwaliko, kila moja na tarehe yake, na mzazi aliyeko Tunduma anataka kukata tiketi ya basi leo. Hali hiyo inazikuta shule nyingi kila mwaka, na ndiyo kipimo tulichotumia kuitazama Google Calendar: je, inaweza kuipa shule tarehe moja ambayo kila mtu ataifuata?

Inaweza, kwa sharti moja. Ni mahali pazuri sana pa kutunzia tarehe, lakini ni mpiga kengele dhaifu. Shule itakayoweka matukio humo na kukaa kusubiri wazazi itajikuta na ukumbi mtupu. Shule itakayoifanya daftari mama, kisha ikapeleka SMS na tangazo la WhatsApp kutoka humo, itapata huduma nzuri bila kuilipia kalenda yenyewe chochote.

Kalenda mpya ifungue kwa kivinjari cha kompyuta. Upande wa kushoto, karibu na orodha ya kalenda nyingine, kuna alama ya kujumlisha: hapo ndipo unapofungua mpya, unaipa jina la shule na kuchagua saa za Afrika Mashariki. Kisha unaingia kwenye mipangilio yake na kuruhusu watu wote waione pamoja na maelezo yote ya tukio. Wengi hukosea hapa. Wanaiacha kwenye chaguo linaloonyesha tu kwamba muda huo una shughuli, na mzazi anaona kiboksi kisichosema ni kikao, ni mtihani, au ni siku ya kutembelea wanafunzi wa bweni. Kama shule inatumia akaunti za Google za taasisi, msimamizi wa akaunti hizo anaweza kuwa amezuia maelezo yasitoke nje, kwa hiyo anza kwake.

Akaunti yenyewe iwe ya shule. Kalenda iliyofunguliwa kwa akaunti binafsi ya mwalimu huondoka naye akihamishwa, na atakayebaki hawezi hata kusahihisha kosa la tahajia. Namba ya simu ya kurejesha nenosiri iwe ya laini inayobaki ofisini. Wape watu wawili haki kamili ya kuisimamia, kwa mfano mwalimu wa taaluma na karani, na wengine wawe watazamaji. Google pia ina utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2, hivyo akaunti isiyoguswa tangu ilipofunguliwa iko hatarini.

Tunapendekeza kalenda tatu ndani ya akaunti hiyo moja: ya wanafunzi na wazazi, ya mitihani, na ya wahitimu. Zikizidi hapo, hakuna atakayezihudumia. Zikiwa pungufu, mhitimu wa mwaka 1998 anayeishi Muscat atakuwa anaona majaribio ya kidato cha pili kila wiki, na mwisho wake atajiondoa. Kila kalenda ina anwani yake, kwa hiyo kila kundi hupewa kile kinacholihusu.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa na ndipo programu yenyewe haitusaidii. Sisi tunasema kikao ni saa 3 asubuhi. Mwandishi mwenye haraka anaingiza 3:00, na kalenda inakiweka kikao saa 9 usiku. Lazima uongeze au upunguze 6: saa 3 asubuhi ni 9:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 12 jioni ni 18:00. Kosa la saa 9 usiku angalau linaonekana, kwa sababu hakuna mzazi atakayeliamini. La hatari zaidi ni saa 8 mchana iliyoandikwa 8:00, kwa sababu hiyo ni saa 2 asubuhi, muda unaoaminika kabisa, na watu watafika muda wa saa 6 nzima kabla ya tukio. Dawa yake ni kuandika muda kwa maneno kwenye mstari wa kwanza wa maelezo: “Saa 8:00 mchana”. Mtazamaji akiona kiboksi kinasema 8:00 na maelezo yanasema mchana, atauliza.

Safari za usiku zina mtego wao. Basi la wanafunzi wanaokwenda likizo linaloondoka saa 9 usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi, kwa kalenda ni Jumamosi saa 3:00. Watu wengi wataliingiza Ijumaa kwa sababu mdomoni ni Ijumaa usiku, na hapo basi litakuwa limewekwa saa 24 kabla ya wakati wake. Kwa matukio ya namna hiyo andika kichwa chenye siku zote mbili: “Basi la likizo, Ijumaa kuamkia Jumamosi”.

Muda wa mwisho nao usiachwe. Kalenda isipoambiwa chochote huweka tukio la saa moja, kwa hiyo mahafali yanayoanza 9:00 yanaonekana yanaisha 10:00, na mzazi mwenye mtoto wa pili shule nyingine anapanga kuwahi zote mbili.

Vichwa vya matukio viwe vifupi na vianze na kundi linalohusika. Kwenye simu, mwonekano wa mwezi hukata maneno baada ya herufi chache tu. “Mahafali ya wanafunzi wa kidato cha nne” na “Mahafali ya wanafunzi wa kidato cha sita” yataonekana kuwa kitu kimoja. “K4 Mahafali” na “K6 Mahafali” hayachanganyiki.

Mwenye matukio 60 ya mwaka mzima hahitaji kuyachapa moja moja. Yaandike kwenye jedwali, yahifadhi kama faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), kisha yaingize kupitia mipangilio kwenye kompyuta. Vichwa vya safu lazima viandikwe kwa Kiingereza kama Google inavyovitaka: Subject kwa jina la tukio na Start Date kwa tarehe ya kuanza ni vya lazima, na vinavyofuata ni Start Time, End Date, End Time, Description na Location. Mfano wa tarehe unaotolewa na Google huanza na mwezi, sisi tunaanza na siku. Tarehe 3/9 ya darasa la saba ikiingia kama 9 Machi, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Utafuta matukio moja baada ya jingine hadi jioni. Kwa hiyo fungua kwanza kalenda ya majaribio, ingiza faili humo, kagua matukio yenye siku kati ya 1 na 12 kwa sababu ndiyo pekee yanayoweza kugeuzwa bila kulalamika, ukiridhika ingiza kwenye kalenda halisi na uifute ile ya majaribio.

Kabla ya kuweka tukio lolote la shule, weka yale ambayo shule haiwezi kuyasogeza. Mtihani wa darasa la saba huwa Septemba, wa kidato cha nne Novemba, wa kidato cha sita Mei, na ratiba kamili hutolewa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, hula siku za katikati ya mwaka na kuchukua walimu wa michezo. Kuna siku za mapumziko zisizohama kama 7 Julai, 8 Agosti na 14 Oktoba. Idi inategemea mwandamo wa mwezi, na kalenda ya sikukuu za Tanzania ambayo Google huitoa huiweka kwa makadirio. Kikao cha wazazi kilichopangwa siku moja kabla au baada ya tarehe hiyo ya makadirio kina nafasi kubwa ya kuangukia sikukuu yenyewe. Kiache mbali kwa siku 3.

Upande wa mzazi, kujiunga ndiko kugumu kuliko kote, na hapa tunaikosoa huduma hii bila kusita. Programu ya simu haina mahali pa kubandika anwani ya kalenda. Mwenye kompyuta anabonyeza kiungo na kukubali, kisha anahakikisha kalenda hiyo imewekewa alama ya vema kwenye programu ya simu yake. Mwenye iPhone anaweza kujisajili kwa anwani ya kalenda inayoishia na .ics kupitia mipangilio ya simu. Mwenye Android asiye na kompyuta atahitaji msaada, kwa hiyo siku ya kikao weka meza moja yenye kompyuta na mtu wa kuwasaidia; dakika 3 kwa kila mzazi zinatosha. Jihadharini pia na kupakua faili la .ics na kuliingiza: hiyo ni nakala ya siku hiyo tu, na tarehe ikibadilika shuleni nakala haitabadilika.

Akishajiunga, anaona matukio hata bila bando, kwa sababu programu huhifadhi nakala kwenye simu. Lakini vikumbusho anavyojiwekea msimamizi wa kalenda ni vyake mwenyewe. Kila mzazi anatakiwa aweke vyake kwa kalenda hiyo: kimoja siku 7 kabla na kingine siku 1 kabla. Kingine ambacho hakuna anayekitarajia: tarehe ikihamishwa, wanaoifuata kalenda ya wazi kwa kawaida hawapati taarifa. Tukio linasogea kimyakimya. Kwa upungufu huu peke yake, kalenda haiwezi kuwa mjumbe wa shule.

Mjumbe ni SMS, hasa kwa wazazi wenye simu za kitochi. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na nafasi huhesabiwa. Zikizidi, hugawanywa katika vipande vya herufi 153. Kuna alama moja inayokula fedha za shule za Kiswahili pasipo kuonekana: ritifaa. Katika neno kama ng’ambo, programu za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ikiwepo hata moja, au kiemoji kimoja, nafasi ya ujumbe mzima inashuka hadi herufi 70, na vipande kuwa vya 67. Huu hapa ujumbe wa herufi 135:

Kikao cha wazazi kidato cha 2: Jumamosi 23 Mei, saa 3:00 asubuhi, bwaloni. Kitaisha saa 6:00 mchana. Tarehe ya awali (16 Mei) imefutwa.

Kama ulivyo, ni SMS moja. Ukiongezewa kiemoji cha tabasamu mwishoni unakuwa tatu, na kwa wazazi 600 shule inalipia 1,800 badala ya 600. Angalia pia kwamba ujumbe unaitaja tarehe iliyofutwa. Tangazo la mabadiliko lisilotaja tarehe ya zamani linamwacha mzazi akidhani kuna vikao viwili. Na kwa kuwa ujumbe unaotumwa kwa jina la shule badala ya namba haujibiki, matangazo yanayohitaji jibu yabebe namba ya ofisi.

WhatsApp haiepukiki, maana wazazi wako huko tayari. Kundi moja hubeba hadi watu 1,024, na shule nyingi zinatoshea. Liwekeni katika hali ya viongozi pekee kuandika, na tangazo la tukio lililo karibu libandikwe juu, ambako linaweza kukaa saa 24, siku 7 au siku 30. Orodha ya kutuma kwa wengi ina kikomo cha watu 256, na humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Nusu ya wazazi wakiwa hawajaihifadhi, hutajua. Zaidi ya yote, punguzeni picha za matangazo. Picha haifi. Iliyotumwa Juni na tarehe ya zamani itatumwa tena Agosti na shangazi mwenye nia njema. Tumeni maandishi mafupi pamoja na kiungo cha kalenda, na kama lazima iwe picha, andikeni juu yake siku ilipotolewa.

Kwa wahitimu walio nje, kalenda inafanya kazi ambayo hakuna tangazo la maandishi linaloweza. Mkutano wa mtandaoni wa saa 1 jioni Dar es Salaam utaonekana 20:00 Muscat mwaka mzima. London utaonekana 17:00 majira yao ya joto na 16:00 majira ya baridi, na Toronto 12:00 au 11:00, kwa kuwa wao hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi. Ulaya hubadilisha mwishoni mwa Machi na Oktoba, Marekani na Kanada katika wiki tofauti na hizo, hivyo kukokotoa kwa mkono kipindi hicho ni kutafuta lawama.

Kwa kuwa kalenda iko wazi kwa dunia nzima, majina ya wanafunzi, namba za simu za walezi na vituo vya kushukia mabasi visiingie humo kabisa. Hivyo vibaki kwenye SMS ya mzazi husika.

Kila mwanzo wa mwezi, chapisha kwenye karatasi mwonekano wa orodha kutoka kwenye kompyuta na uubandike kwenye ubao wa matangazo, ule wa mwezi uliopita ukibanduliwa siku hiyohiyo. Na Desemba ikifika msifungue kalenda mpya ya mwaka unaofuata. Endeleeni na ileile, ili wazazi mliowasajili kwa taabu wasilazimike kujiunga upya.