Trichoderma kwenye nyanya: kazi inafanya, ila ni kitu hai

Wakuu, nimetumia Trichoderma misimu miwili kwenye nyanya zangu huku Mgeta, Morogoro, ngoja niseme nilichokiona. Kwa asiyeijua, ni unga wa kijani wenye fangasi hai, wanakaa kwenye mizizi ya mche na kuwala fangasi wabaya, wale wa kinyausi (miche michanga kuoza shina chini na kulala) na mnyauko fusari (fangasi wa udongoni anayenyausha mmea).

Paketi ya kwanza nilitupa hela. Duka la pembejeo niliponunua walikuwa wameiweka shelfu ya juu kabisa, karibu na bati, joto lote linaishia pale, na mimi nikaimwagia saa saba mchana jua kali halafu kesho yake nikapiga dawa ya ukungu kitaluni kama nilivyozoea. Jamani dawa nyingi za ukungu hazichagui, zinaua fangasi mzuri na mbaya. Nusu ya trei miche ikalala.

Msimu huu nimenunua kwingine, wana friji, nikaangalia tarehe kwanza. Nikaweka kwenye trei, nyingine nikachanganya na samadi iliyoiva, nikafunika magunia kivulini wiki nzima nanyunyizia maji isikauke, ndo nikatia kwenye mashimo jioni. Siku ya kuhamisha nikachomoa mche mmoja, mizizi myeupe, mingi, imeshika udongo hata ukitikisa haudondoki. Kinyausi sijakiona kabisa.

Mzee jirani yangu ananiuliza, mwanangu unapanda ukungu shambani kwako mwenyewe? Nikamkumbusha nzige wekundu wa 2009 kule Katavi na bonde la Malagarasi, walipigwa kwa fangasi hai vilevile, ila jamii nyingine inaitwa Metarhizium, inayoua nzige. Akanyamaza, juzi kaja kuomba kidogo.

Ila msidanganywe, mnyauko bakteria haiuwezi. Kona ya chini panapotuama maji mashina yamenyauka yakiwa bado kijani, nikakata moja nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka, ndo bakteria wenyewe hao. Ukiona hivyo ng'oa, usimalizie hela yako hapo. Na mche ambao umeshaugua nao haiuponyi, hii ni ya kutangulia.

Naipa Trichoderma nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata sababu maelekezo yote kwenye paketi ni Kiingereza, tena maandishi madogo, hakuna hata mstari mmoja wa Kiswahili wa kumwambia muuzaji asiiweke kwenye joto.