Fimbo za kupandia mlima: msituni zinafaa sana, ila kufuli ni kero

Nianze na buibui. Njia ya msituni isiyopitwa na watu wengi hujaa tando, na buibui wanapenda kuzitega usawa wa uso. Anayetangulia ndiye anayezipokea zote. Siku hizi fimbo moja naitanguliza imeinuka kidogo, inazoa tando mimi nikifuata nyuma. Muuzaji hakunitajia kazi hiyo, lakini kwangu hiyo pekee ingetosha kunifanya nizibebe.

Ni jozi ya alumini, vipande vitatu vinavyoingiana na kukazwa kwa kufuli ya ndani, mpini wa koki (gome jepesi kama la vizibo vya chupa) usioteleza hata kiganja kikitoa jasho. Najua za nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi. Nilizikwepa kwa sababu ya mizizi. Penye kivuli kizito ardhi haikauki, majani yaliyooza yanaifunika mizizi, na ncha ya fimbo inaweza kukwama katikati ya mizizi miwili wakati mwili umeshakwenda mbele. Hapo alumini hupinda, kaboni huweza kukatika ghafla. Fimbo yangu ya kushoto imepinda kidogo kwa chini na bado inafanya kazi. Penye mizizi mingi navua pia ile mikanda ya mkononi: fimbo ikinaswa, heri ibaki yenyewe kuliko initegue bega.

Ncha zake ni za kabidi ya tungsteni, yaani mchanganyiko wa metali mgumu sana, na kwenye udongo wenye unyevu zinashika barabara. Kwenye gogo lenye utando wa kijani, usiamini ncha yoyote. Chomeka fimbo kando ya gogo, udongoni. Vifuniko vya mpira navyo viache kwa ajili ya mawe makavu, maana juu ya mti uliolowa vinateleza vibaya. Na jamani, tusichomechome mizizi kwa ncha tupu. Gome likichubuka, mti unabaki na kidonda.

Wakati wa kuteremka ndipo magoti yanaposhukuru. Mwaka 1999 mtafiti Schwameder na wenzake walipima watu wakishuka mteremko wa nyuzi 25, wakakuta fimbo zinapunguza mzigo wa goti kwa asilimia 12 hadi 25. Msituni mimi naona faida nyingine kubwa zaidi: tope lililojificha chini ya majani nalipima kina kabla ya kulikanyaga. Kwa mteremko narefusha fimbo sentimita 5 hivi kuzidi kipimo cha tambarare, kile cha kiwiko kukaa pembe mraba.

Sasa kero yenyewe. Kufuli ni ya kuzungusha, na vumbi la tope likishaingia ndani inazunguka tu bila kukaza. Unaiegemea fimbo, inajikunja, tena penye mteremko mkali! Kama ningenunua leo, ningetaka yenye klipu ya nje inayobanwa kwa kidole. Nyota nne, ya tano imeliwa na kufuli. Ukiwa nazo tayari, ukirudi chomoa vipande vyote, vipanguse, viache vikauke kila kimoja peke yake. Ukivirudisha vimelowa, alumini huota unga mweupe ndani na vipande vinagandana. Mafuta usitie kabisa, kufuli itazidi kuteleza.

Pale njia inapobanwa na vichaka pande zote mbili, tumia moja tu, nyingine ifunge kwenye begi ncha ikitazama chini.