Kilatini cha kuanzia chuo kikuu, kwa anayetaka kusoma nyaraka za karne za kati: uzoefu wangu

Kuna watu kadhaa wameniuliza kama ile kozi ya Kilatini kwa wanaoanza ina faida yoyote au ni kupoteza muda, hasa kwa mtu anayekwenda Uingereza kusoma masta ya historia ya karne za kati. Jibu fupi: ichukue, ila usidhani kozi peke yake itakufikisha kwenye ngozi yenyewe waliyoandikia, maana kinachofundishwa darasani na kilichoandikwa kwenye nyaraka ni ndugu lakini hawaishi nyumba moja.

Kwanza kwa nini uteseke nacho. Kama unasoma historia ya Uingereza ya enzi zile huna pa kukimbilia aisee. Domesday, kile kitabu cha kuorodhesha ardhi cha 1086, ni Kilatini, Magna Carta, ile hati ya mfalme na mabwana ya 1215, ni Kilatini, hati za ardhi, hesabu za mavuno, mashauri ya kanisa, roli (kumbukumbu zilizoviringishwa) za mahakama za mabwana wenye mashamba, zote Kilatini, na mahakama zao ziliendelea kuandika kumbukumbu kwa lugha hiyo mpaka 1733 sheria ilipowalazimisha kutumia Kiingereza (ukiacha kile kipindi kifupi cha karne ya 17 walipokaa bila mfalme). Tafsiri za baadhi zipo, lakini zilizobaki bila kutafsiriwa ni nyingi, na hata ukiwa na tafsiri msimamizi wako atakuuliza tu neno lililoandikwa pale ni lipi.

Kozi yenyewe ni darasa la asubuhi, watu wa masta na wa digrii ya kwanza mmechanganywa, kitabu kimoja, kila wiki sura mpya na kajaribio ka msamiati. Majina yana makundi matano, vitenzi makundi manne, na kila jina lina hali sita (miisho inayoonyesha kazi yake kwenye sentensi) umoja na sita wingi, kwa hiyo mwanzoni ni kukariri tu, binti ni puella, puella, puellam, puellae, puellae, puella, mpaka unaota usiku. Ukisema utakariri wikiendi ijayo umekwisha, sura inayofuata haikusubiri. Mwalimu wetu sina la kumlaumu, mvumilivu, anasahihisha kazi kwa mkono na kukurudishia kesho yake. Shida ni kwamba maelezo yote ya sarufi yanapitia kwenye Kiingereza, na Kiingereza vitu vingi hivyo hakina.

Hapa ndo nataka Mswahili mwenzangu unisikilize. Wenzangu waliozaliwa na Kiingereza walihangaika sana na kitu kama amatur, kwao ni maneno matatu hadi manne, kwetu ni anapendwa, basi, neno moja, kutendwa kuko mwishoni kabisa mwa kitenzi. Amat anapenda, amabat alikuwa anapenda, amabit atapenda, na huna haja ya kumtaja "yeye" kwa sababu yeye yuko ndani ya kitenzi tayari, kitu ambacho sisi tunakifanya tangu tunajifunza kuongea. Afu ikaja ut veniat. Mwalimu alitumia karibu kipindi kizima kuwaelewesha watu kwamba kitenzi kinabadilika umbo kikiwa kinasema nia na sio tukio, mi nikaandika pembeni "ili aje" nikaendelea na mambo mengine. Upatanisho nao hautakusumbua kichwa, tumeshazoea kivumishi kumfuata jina lake popote aendapo, tofauti ni kwamba kwao miisho inaweza isifanane kabisa kwa sauti huku inapatana, kama bonus nauta, baharia mzuri, moja inaishia -us nyingine -a na bado ni kitu kimoja.

Kinachotusumbua sisi ni zile hali. Yani yale mambo ambayo tunayafanya kwa "-a" ya cha, ya, wa, kwa neno "kwa", kwa -ni ya nyumbani, na kwa vitenzi vya aina ya pikia na letea, wao wote wanayasukumia kwenye mwisho wa jina. Liber magistri, kitabu cha mwalimu, hamna neno la katikati. Gladio, kwa upanga. Ushauri wangu tengeneza jedwali lako mwenyewe kwa Kiswahili, achana na la kitabu.

Na kama umekulia parokiani, umeshaimba Kilatini cha karne za kati bila kuambiwa. Tantum ergo, ile ya Baraka ya Sakramenti Kuu, ni beti mbili za mwisho za utenzi mrefu unaohesabiwa kuwa wa Mt. Tomaso wa Akwino, wa karne ya 13, miaka ileile sikukuu ya Ekaristi ilipoanzishwa, 1264. Sisi kule Ruvuma tuliuimba kwa kusikilizia tu, kila kigango na matamshi yake. Kozi ilipofika katikati nikauandika kwenye karatasi nikaanza kuuvunja. Veneremur: umbo la kutendwa lakini maana ya kutenda, na tena ni lile umbo la nia kama la veniat, kwa hiyo "tuiabudu". Cernui: kivumishi cha wingi kinachotufuata sisi tuliojificha ndani ya kitenzi, "hali tumeinama". Afu mstari wa nne, novo cedat ritui, huu nilikaa nao jioni nzima. Novo na ritui ni kitu kimoja, ibada mpya, ila kitenzi kimejipachika katikati yao, na miisho haifanani kwa sababu moja ni kundi la pili na nyingine kundi la nne. Cedat ni "ipishe". Ya kale iipishe ibada mpya. Mstari wa maneno matatu una mambo ambayo kitabu kilitumia sura kadhaa kuyaeleza, na kwenye kitabu hutauona kwa sababu kitabu ni cha Warumi mwanzo mwisho.

Na hiyo ndo lawama yangu kubwa. Wanaitangaza kozi kwamba ni ya wanaotaka kusoma maandishi ya karne za kati, unaingia unakutana na Kaisari na askari wake, watumwa wa nyumbani, mabaharia na mabinti wanaopewa mawaridi, hadi mwisho wa mwaka. Siku unakaa mbele ya waraka halisi unaona ae imekuwa e tu, mihi imeandikwa michi, nihil imekuwa nichil, gratia imekuwa gracia, na "alisema kwamba" mara nyingi wanaweka quod na kuendelea na maisha, wakati nyie mmetoka jasho na ule muundo wa Kirumi usiokuwa na kwamba. Kiukweli sarufi yao ni nyepesi kuliko mliyofundishwa. Kinachoua ni mwandiko.

Mwandishi wa enzi hizo alikuwa anabana ngozi na anabana muda, kwa hiyo anafupisha kila kitu. Herufi p ikikatwa mguu kwa kistari ni per au par, kistari kikijikunja kutokea kushoto ni pro, kikikaa juu ni pre. Alama kama 9 mwanzoni mwa neno ni con, hiyohiyo ikipandishwa juu mwishoni ni us. Halafu i, m, n na u zote ni vijiti vilevile vimesimamishwa, ukikutana na neno kama minimum una vijiti 15 mfululizo, hesabu mwenyewe. Haya yote hatukugusa darasani hata siku moja!

Nilichokwenda kukisoma mimi ni roli za mahakama za mashamba, kama zile za Wakefield kule Yorkshire ambazo zinaanzia 1274. Mambo yenyewe ni ya kijijini kabisa: mkulima hakutokea siku ya shauri, ng'ombe wa fulani kaingia kwenye shamba la bwana, mama kapika pombe akaiuza kinyume na kipimo. Kila mmoja anamaliziwa na ideo in misericordia, kwa hiyo yuko kwenye huruma ya bwana, maana yake kapigwa faini, na misericordia yenyewe inaandikwa mia na kistari juu, ukiwa Mswahili jicho linakimbilia mia ya kuhesabu. Pembeni kiasi cha faini, iii d, vi d, yaani peni tatu, peni sita. Ukifika kwenye roli za 1349, mwaka wa tauni, ni vifo juu ya vifo, na kila mpangaji anayekufa bwana anachukua mnyama wake bora kama ada. Uzuri ni kwamba maneno yanajirudia, ukishazishika fomula zao unaanza kwenda kasi hata kama kwenye kajaribio ka Kaisari ulikuwa unapata nusu.

Matamshi usigombane na mtu. Darasani wanataka ya Kirumi, c ni k siku zote, caelum ni kailum, mi nimezoea chelum ya kanisani na sikubadilika, mtihani ni wa kuandika.

Cha bure kipo kingi. Hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza ina masomo ya Kilatini mtandaoni yaliyotengenezwa mahsusi kwa nyaraka za 1086 mpaka 1733, hayo yalinifaa kuliko nusu ya kitabu cha kozi. Kamusi ya vifupisho ya Adriano Cappelli, ya 1899, imeskaniwa, pakua uweke kwenye simu. Kwa msamiati, kamusi za Kilatini cha Kirumi zitakuangusha kwenye maneno ya mashamba na mahakama, tafuta ile kamusi kubwa ya Kilatini cha karne za kati kutoka vyanzo vya Uingereza iliyokamilika 2013, maktaba ya chuo huwa inayo. Na wakati wa likizo soma Biblia ya Kilatini ya Jeromu huku ya Kiswahili iko pembeni, in principio creavit Deus caelum et terram, hapo hata kamusi huhitaji.

Nyota: kozi naipa tatu kati ya tano, mwalimu tano. Kama unasoma karne za kati za Waswahili wenyewe, Kilwa na miji ya pwani, acha kabisa, nenda kajifunze Kiarabu. Wengine jiandikisheni, ila siku hiyohiyo ulizia kama kuna darasa la kusoma mwandiko wa kale. Kwetu lilikuwepo, idara nyingine, ghorofa ya juu yetu, na hakuna aliyetuambia mpaka limeshaisha.