Sanduku la vumbi la kuku: uzoefu wangu hapa Utawala baada ya masika

Hii ni ya wale mnaofuga kuku uani na udongo wenu ni ule mweusi wa kunata, watu wa Utawala, Ruai, Embakasi huku Nairobi mnanielewa. Nilinunua sanduku la kuogea vumbi kwa fundi wa jua kali wa huku kwetu Februari, kabla mvua haijaanza, nikalipa shilingi 3,500 pamoja na pesa ya mkokoteni. Ni la mbao, urefu mita 1, upana sentimita 60, pande tatu zimezibwa, mbele kuna kizingiti kifupi cha kuruka na juu ni mabati yaliyoinamia nyuma.

Kwa nini nilitoa hiyo pesa? Udongo huu ukilowa hakuna vumbi tena, ni matope hadi Mei, na kuku haachi kuoga eti kwa sababu mvua inanyesha. Atajilaza kwa chombo cha chakula amwage mash yote, au aingie kwa maranda yaliyolowa kinyesi, na hata wale wa kwenye keji hujigaragaza juu ya waya tupu, yaani hiyo kitu iko ndani ya damu. Vumbi linanyonya mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na linapunguza chawa na utitiri, kwa hivyo kumnyima kuku vumbi miezi mitatu ni kumtesa, mimi hapo sina maneno mengine.

Siku ya kwanza waliliogopa, wakazunguka tu wakichungulia, halafu yule mwekundu akaingia kwenye saa sita hivi, akaparua, akavuta vumbi kwa mdomo hadi kifuani, akalala ubavu, akafura manyoya yote yakasimama na akaanza kulirusha kwa mbawa na miguu hadi likaingia kwenye ngozi kabisa. Kuna pahali ananyoosha mguu mmoja, anafunga macho, hasongi, na kama hujawahi kuona utaita watu ukidhani amekufa. Akiinuka anajikung'uta mara moja, wingu zima linatoka, na wenzake wakaanza kusukumana mlangoni.

Ndani nimeweka udongo mwekundu uliokaushwa juani, mchanga wa mto, na jivu la makaa lililochekechwa, jivu liwe kidogo kuliko hivyo vingine. Kina kifike kama sentimita 15, chini ya hapo wanafika mbao haraka. Jivu la takataka usiweke jamani, lina plastiki na misumari, na la mbao zilizopakwa rangi pia hapana. Na lazima likae kavu, kwa sababu jivu likilowa maji yake yanakuwa makali kama magadi, yanachubua ngozi. Kuna wanaoweka ule unga mweupe wa Kariandusi kule karibu na Gilgil, daiatomaiti, na kweli unakausha wadudu, lakini vumbi lake ni baya kwa mapafu ya mtu na ya kuku, na kuku ndio wanaoinamisha kichwa humo ndani, mimi sikuweka.

Kasoro sasa. Mabati yametokeza mbele kidogo sana, mvua ikija na upepo inapiga ndani moja kwa moja, na mwezi wa nne nililazimika kutoa mchanganyiko wote na kuanika upya. Nilimwambia fundi akasema ndivyo anavyowatengenezea wote, jibu ambalo halikunifurahisha hata kidogo kwa sababu ukavu ndio kitu pekee tunachomlipia. Nimepigilia turubai hapo mbele na sasa halilowi. Pia halina miguu, kwa hivyo niliinua kwa mawe manne ya ujenzi ndio maji ya chini yasipande kwa mbao.

Na msidhani ni dawa ya kila kitu. Wale viroboto wanaojibandika kichwani karibu na macho na upanga wa kuku hawatoki kwa vumbi, wameshika ngozi kabisa, hao nawapaka mafuta mazito ya kujipaka wakose hewa. Utitiri mwekundu nao mchana unajificha kwenye nyufa za banda, usiku ndio unatoka kunyonya damu, kwa hivyo banda lazima lisafishwe na nyufa zitiwe dawa. Lakini chawa wa mwilini wamepungua sana, ukifunua manyoya chini ya mkia hauoni tena yale mayai yao meupe yameshikana kwa shina la unyoya.

Ningenunua tena, ila ningeagiza mabati yatokeze nusu mita mbele, miguu, na kizingiti kiwe juu kidogo kwa sababu vumbi linamwagika nje kila siku na naongeza kila wikendi. Kwa kuku wangu 8 hili moja linawatosha wakipokezana, kama uko na 20 agiza mawili, kwa sababu jogoo na wale wakubwa huwafukuza wadogo.